Nichoreje mgawanyiko wa kanisa letu bila kuchukua upande?

*"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mchoraji, kazi zangu nyingi ni mabango na picha za ukutani. Kanisa letu liligawanyika miaka kumi na miwili iliyopita, ugomvi ukianzia kwenye kitabu kipya cha liturujia. Mpaka leo kuna ndugu wa tumbo moja wanaosali makanisa mawili yanayotazamana. Sasa pande zote mbili zimeanza kusalimiana, na kamati ya pamoja imeniomba nichore picha kubwa ya siku ile, itundikwe kwenye ukumbi wanaoutumia wote. Ukuta una nafasi ya mita 3.6 kwa upana. Siku wanayoikumbuka wote ni ile mama mmoja, mwenyekiti wa umoja wa wanawake, alipokataa kutoa funguo za kanisa akapakiwa nyuma ya difenda ya polisi watu wakitazama. Mama huyo alishafariki. Rafiki yangu amenitumia picha ya Mrusi aitwaye Surikov, ya mwanamke anayepelekwa kifungoni kwenye sleji, akasema niige hiyo. Je, Surikov alikuwa upande gani? Ni kweli watu waliuana kwa sababu ya vidole viwili au vitatu? Na mbona kwenye michoro yangu gari limesimama tu, na mama anamezwa na umati? Naogopa pia picha isije ikafungua kidonda."*

Marahaba. Rafiki yako amekushauri vizuri, ila neno "kuiga" ndilo litakalokuponza. Ukiichukua picha ile na kubadilisha sleji, yaani kile chombo cha kukokotwa na farasi juu ya theluji, iwe difenda utapata kichekesho. Kinachofaa kuchukuliwa ni namna Surikov alivyofikiri, na hapo utaona kwamba swali la upande na swali la gari lisilokwenda yako karibu kuliko unavyodhani. Yote mawili yanajibiwa na mahali unapoweka watu ndani ya fremu.

Tuanze na vidole, maana wengi huikosea picha hii hapo hapo. Mwaka 1653 Patriarki Nikon wa Moscow, mkuu wa kanisa la Urusi, aliagiza waumini waache kupiga ishara ya msalaba kwa vidole viwili, watumie vitatu kama Wagiriki wa wakati huo. Yakafuata mengine: tahajia ya jina la Yesu, aleluya iimbwe mara tatu badala ya mbili, maandamano ya kuzunguka kanisa yageuzwe mwelekeo. Ukisoma orodha hiyo leo unaweza kucheka. Tena cha ajabu ni kwamba ishara zote mbili zinasema imani ile ile. Kwa desturi ya kale, kidole cha shahada na cha kati hunyooshwa, navyo ni asili mbili za Kristo, uungu na ubinadamu. Dole gumba hukutanishwa na vidole viwili vya mwisho, navyo ni Utatu. Kwa desturi mpya Utatu umo katika vidole vitatu vya mbele vilivyoshikana, na zile asili mbili zimo katika viwili vilivyokunjwa kiganjani.

Basi waligombania nini? Mwaka 1551 mtaguso uliofanyika Moscow kwenyewe ulikuwa umetamka laana juu ya asiyepiga ishara kwa vidole viwili. Mtu amezaliwa na laana hiyo kichwani, amewazika babu na bibi zake wakiwa na vidole hivyo, halafu mtaguso wa 1666 na 1667 unageuza: sasa wanaolaaniwa ni wale wang'ang'aniao viwili. Nafsini mwa muumini swali likawa ni wafu wake wako wapi. Kama vidole viwili ni kosa, waliokufa navyo wamepotea? Na kama hawakupotea, mimi nalaaniwa kwa lipi? Mtaguso huo huo ulimvua Nikon mwenyewe upatriarki, Desemba 1666, kwa ugomvi wake na Tsari (mfalme) Aleksei, lakini mageuzi yake ukayathibitisha. Laana ile Patriarkati ya Moscow iliiondoa mwaka 1971, baada ya zaidi ya miaka mia tatu.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza haina brashi. Waulize watu wa kila upande kile kitabu kipya cha liturujia kiligusa nini hasa. Usiridhike na jibu la "utaratibu". Endelea kuuliza mpaka ujue ni wimbo gani uliondolewa, uliimbwa wakati gani, na mara ya mwisho uliimbwa kwenye msiba wa nani. Mchoraji asiyejua kilichoumiza atachora watu waliokasirika tu, na hasira za watu wote zinafanana usoni.

Sasa huyo mwanamke. Feodosia Morozova alizaliwa 1632, akaolewa katika moja ya nyumba tajiri kabisa za Urusi: mumewe Gleb Morozov alikuwa ndugu wa Boris Morozov, mlezi na mwalimu wa Tsari Aleksei. Alifiwa na mume mwaka 1662, akabaki na mtoto wa kiume, Ivan. Nyumba yake ikawa kimbilio la walioshika desturi ya kale, na kiongozi wake wa kiroho alikuwa padri Avvakum, ambaye naye alikuja kuchomwa moto Pustozersk mwaka 1682. Mwaka 1670 Morozova alipokea utawa kwa siri, na mwanzoni mwa 1671 akakataa kuhudhuria harusi ya Tsari. Novemba mwaka huo walimkamata, wakamfunga minyororo, wakampitisha Moscow kwenye sleji. Mwanawe alifariki mama akiwa kifungoni. Morozova mwenyewe alikufa kwa njaa ndani ya shimo la gereza huko Borovsk, Novemba 1675, wiki chache baada ya dada yake, Evdokia Urusova, kufa kifo hicho hicho.

Surikov aliimaliza picha hii mwaka 1887, ikaonyeshwa katika maonyesho ya 15 ya wachoraji waliojulikana kama Peredvizhniki, mkusanyaji wa picha Pavel Tretyakov akainunua, na mpaka leo iko katika jumba la sanaa lenye jina lake jijini Moscow. Ni sentimita 304 kwa 587.5. Surikov alikuwa mtu wa Krasnoyarsk, Siberia, wa ukoo wa Kikozaki, na habari za Morozova alizisikia nyumbani tangu utotoni. Kwamba alimwonea uchungu, hilo halina ubishi; umati wa upande wa kulia unaoomboleza ndio uliopewa nafasi na rangi nzuri zaidi. Lakini tazama uso alioupa kitovu cha picha. Hakuchora mama mpole anayeonewa. Alichora mwanamke aliyepauka, macho yanawaka, mdomo umefunguka katikati ya neno, mtu ambaye ukiishi naye nyumba moja angekutisha. Mpenzi wa upande wake angelainisha uso huo, na adui yake angeufanya wa kichaa. Surikov hakumlainisha wala hakumdhihaki.

Jibu la swali lako la kwanza, basi, ni kwamba moyo wake ulikuwa na upande, lakini hakuufanya upande huo kuwa mada ya picha. Mada ni kile kinachotokea katika nyuso za wengine sleji inapopita. Kushoto kuna padri mwenye koti la manyoya anayecheka hadi meno yaliyobaki yanaonekana, na karibu yake mfanyabiashara anayecheka naye. Kulia kuna mwanamke anayetembea kando ya sleji, mikono ameifumbata kifuani. Wachambuzi wengi humtambua kuwa ni Urusova. Kuna mhujaji mwenye fimbo, mtawa kijana anayechungulia, mwombaji aliyepiga magoti. Pembeni kabisa, chini kulia, ameketi mtu wa aina ambayo Waorthodoksi humwita mpumbavu kwa ajili ya Kristo, miguu mitupu kwenye theluji, minyororo shingoni, shati limechanika. Yeye naye ameinua vidole viwili.

Hapo kwenye mikono simama kidogo. Morozova anainua vidole viwili juu ya umati, na yule fukara anamjibu kwa vidole vile vile kutoka chini: mwanamke tajiri kuliko wengi Moscow na mtu asiye na kiatu wamebeba ishara moja. Wengine wote waliosimama katikati wanafanya nini na mikono yao? Mmoja amefumbata, mwingine ameificha, mwingine anainama. Wanajua wanalotaka kulifanya, na wanajua askari wanaona. Hofu ya umati mzima imechorwa kwenye mikono, na mtazamaji huipata kabla hajasoma uso wowote. Kwenye mchoro wako anza na mikono. Mama ameshika funguo. Je, wengine wameshika nini? Kitabu cha nyimbo kilichokunjwa, kona ya khanga, mkono wa mtoto, simu? Aliyewaita polisi, mikono yake iko wapi? Ukiipata mikono ya mtu huyo sawasawa, hutahitaji kumpa sura ya Yuda.

Jambo jingine litakalokupunguzia wasiwasi: Surikov hakujifunga na kila undani wa tukio. Urusova wa kweli alikamatwa usiku ule ule na dada yake na kufungwa minyororo, wala hakutembea huru kando ya sleji. Lakini picha ilihitaji mtu wa damu moja na mfungwa, aliye huru na asiyeweza kusaidia. Nawe unaweza kuwakutanisha watu ambao siku ile walisimama mbali. Usichoruhusiwa ni kumpa mtu tendo ambalo hakulitenda, kama kumweka anacheka aliyekuwa kimya, na hasa pale ndugu zake watakapopita mbele ya picha kila Jumapili.

Sasa gari. Surikov aliwahi kueleza kwamba katika kuchora mwendo kuna nukta hai na nukta mfu, na kwamba ni hesabu kamili. Watu walioketi ndani ya sleji wanaizuia kwa uzito wao. Ilimbidi atafute umbali kutoka ukingo wa chini wa fremu mpaka kwenye sleji ambao utaiachia iende. Umbali ukipungua kidogo, sleji inasimama. Alipokuwa akimwonyesha mwandishi Tolstoy picha hiyo, Tolstoy na mkewe walisema sehemu ya chini ikatwe kwa kuwa haina kazi. Surikov hakukata, kwa sababu ndiyo iliyokuwa na kazi kubwa kuliko zote.

Usiniamini kwa maneno. Chukua nakala ya picha, hata ya kwenye simu, uifunike sehemu ya chini kwa karatasi nyeupe, ukiipandisha pole pole kuelekea sleji. Utafika mahali sleji inaganda. Sababu yake ni hii: jicho hupima mwendo kwa njia iliyokwisha kupitwa. Theluji ya mbele yenye mikwaruzo ya sleji ni sekunde chache zilizopita. Ukiiondoa, chombo hakijatoka popote, na kisichotoka popote hakiendi popote.

Kwenye michoro yako naamini umefanya linalofanywa na wengi wetu tuliotokea kwenye mabango: umekisogeza kitu kikuu mbele ili kionekane, magurudumu yanagusa karibu na ukingo wa chini, na gari umelilaza ubavu. Bango linataka hivyo, ila picha ya tukio inakufa hapo. Fanya jaribio kwa kipimo cha moja kwa kumi. Ukuta wako wa mita 3.6 unakuwa sentimita 36, unaotosha kwenye karatasi ya A3. Chora tukio katika kimo cha sentimita 15, kisha ubandike chini vipande vya karatasi vya sentimita moja moja, kila kimoja kikiwa sawa na sentimita 10 za turubai. Baada ya kila kipande simama mita mbili nyuma utazame. Ukifuata uwiano wa Surikov utaishia karibu na sentimita 18.6, yaani turubai ya mita 1.86 kwa kimo, lakini usiufuate kwa ajili ya heshima. Acha pale difenda inapoondoka. Ukipita kipimo hicho utaona kosa la pili: gari linakuwa mbali mno na mtazamaji anaachwa nyuma, hayumo tena katika umati.

Elekeza gari liende kwenye kina cha picha, mshazari, sehemu ya nyuma ikiwa karibu nasi. Bahati yako ni kubwa, maana nyuma ya difenda watu hukaa wakitazama walikotoka, kwa hiyo mama atatuonyesha uso bila kulazimishwa, kama Morozova. Acha nafasi mbele ya boneti. Gari lililokatwa na ukingo wa fremu husimama hapo hapo. Alama za matairi zianzie kwenye ukingo wa chini kabisa, pana na zenye kivuli, zikisinyaa kuelekea gari. Vumbi liwe chini ya usawa wa bampa. Likipanda litakula uso wa mama. Matairi yasichorwe meno yote kwa ukali, kwa sababu tairi linalohesabika meno limesimama.

Kisha weka kasi tatu. Hili Surikov alilifanya kwa ustadi ambao watu huusifu mara chache. Urusova anatembea sambamba na sleji. Mvulana, tunayemwona mgongo, anakimbia kando yake akiwa ndani ya koti linalomzidi. Wengine wamesimama au wameketi na wanaachwa. Kama watu wako wote wamesimama, gari halina cha kulinganishwa nacho. Kama wote wanakimbia, ni fujo. Anayetembea mmoja, anayekimbia mmoja, waliobaki waachwe. Mkimbiaji mguu mmoja uwe hewani kabisa na mwili umeinama mbele ya mguu uliokanyaga; ukiwa wima anageuka sanamu.

Kuhusu mama kumezwa na umati, Surikov lilimpata hilo hilo. Umati aliutangulia kuuchora, halafu kila uso aliomtafutia Morozova ukashindwa nguvu na umati. Alimpata mwishowe mwanamke wa Waumini wa Kale, yaani wale walioshika desturi ya kale, kutoka Urali, aliyekutana naye Moscow kwa wenzake wa mtaa wa Preobrazhenskoe, akamchora kwa muda wa saa mbili, na uso huo ulipoingia pichani ukawashinda wote. Lakini uso peke yake usingetosha. Wazo la umbo lilimjia alipomwona kunguru kwenye theluji, bawa moja limekaa pembeni: doa jeusi juu ya weupe. Siri iko katika tofauti ya giza na nuru. Katika picha nzima, giza kubwa zaidi linakutana na weupe mkubwa zaidi mahali pamoja tu, kwake.

Piga picha mchoro wako kwa simu, uigeuze iwe nyeusi na nyeupe, uipunguze ukubwa uwe kama stempu. Kama humwoni mama, tatizo ni mpangilio wa giza na nuru, na kuongeza urembo usoni hakutasaidia. Kama sare ya umoja wao ni nyeupe, basi mzungushie giza: ndani ya difenda chini ya turubai la gari, makoti ya askari. Na weupe mwingine wote uushushe, hata mashati ya Jumapili yawe ya kijivu cha buluu au ya maziwa yaliyochacha. Mkono wenye funguo upandishe juu ya mstari wa vichwa, nyuma yake pawe anga tupu.

Kosa la rangi utakalolifanya nalijua kabla: nyeusi ya kwenye chupa. Surikov alichora watu nje wakati wa baridi makusudi, akaona kuwa theluji inawatupia wote nuru ya zambarau na waridi, hata nguo nyeusi ya Morozova imejaa buluu. Kwetu anayefanya kazi hiyo ni vumbi jekundu. Jua la saa tano likipiga barabara ya udongo, nuru ya rangi ya tofali inarudi juu: chini ya kidevu, chini ya mikono, kwenye pindo la kanzu ya mchungaji. Toa weusi wako kwa kuchanganya buluu ya ultramarini na kahawia ya amba iliyochomwa, buluu ikizidi upande wa anga na kahawia ikizidi upande wa barabara. Hilo peke yake litawafungia watu wote ndani ya hewa moja, pande zote mbili za mgogoro.

Turubai nitaipitia haraka, kwa kuwa kazi za ukubwa umezizoea. Upana wako ni kama tatu ya tano za picha ya Surikov, kwa hiyo usijaribu kubana umati wake wote. Nyuso kumi na mbili hadi kumi na tano zinazosomeka zinatosha, nyingine ziwe vichwa tu. Fremu ya mita 3.6 inahitaji mihimili ya kati kila sentimita 60 hadi 80 na kabari kwenye pembe, la sivyo mbao zitajipinda msimu wa mvua. Vuta kitambaa kuanzia katikati ya kila upande kuelekea pembeni. Ukianza na pembe mikunjo haitatoka tena. Paka jeso, ile rangi nyeupe ya kutayarishia kitambaa, tabaka tatu, kila moja likauke na kupigwa msasa laini. Kwa eneo lako la karibu mita za mraba saba nunua lita tatu. Rangi za chini ziwe na mafuta machache, za juu mengi zaidi. Ukigeuza, tabaka la juu litakauka na kukaza huku la chini bado linatembea, na nyufa zitatokea kwanza kwenye uso wa mama, mahali utakaporudia mara nyingi. Usiitundike moja kwa moja kwenye ukuta wenye unyevu. Acha sentimita tatu za hewa nyuma yake kwa vipande vya mbao.

Sasa kidonda. Surikov alimpata yule mpumbavu wa Kristo sokoni, muuza matango, akamkalisha miguu mitupu kwenye theluji, akamsugua miguu kwa vodka na kumlipa rubo tatu. Nyakati hizo zilipita. Wewe usimkalishe mtu yeyote katika maumivu yake mwenyewe. Aliyesimama pale siku ile asiulizwe kusimama tena akiigiza alivyosimama. Ningekushauri ubadilishane: wa upande huu akusimamie kwa ajili ya mtu wa upande ule, kwa hiari na kwa malipo. Watu huchoka kumchukia mtu ambaye wamekaa saa mbili katika mkao wake. Lakini mtu akianza kulia au kutetemeka, weka penseli chini, na usijifanye mshauri wa nafsi. Mpeleke kwa mshauri au mchungaji asiyehusika na mgogoro. Watoto wa marehemu uwaone uso kwa uso kabla ya mstari wa kwanza, na ruhusa yao iwe ya maandishi. Na kama kesi ya jengo au kiwanja bado iko mahakamani, nenda kwa wakili kabla hujachora sura inayotambulika ya polisi, mchungaji au mzee yeyote, kwa sababu picha yako inaweza kuchukuliwa kama maelezo ya tukio.

Ukitaka kuielewa vizuri ishara ya vidole, mtafute padri wa Kiorthodoksi akuonyeshe kwa mkono wake, maandishi hayatoshi. Nairobi kuna seminari yao Riruta, na Uganda ipo jumuiya ya Waumini wa Kale wenyewe, iliyopokelewa mwaka 2013, ambako vidole viwili ni sala ya kila siku.

Mwisho, kabla ya kupokea fedha ya awali, ionyeshe kamati ule mchoro wa sentimita 36 na mkubaliane kwa maandishi mambo mawili. La kwanza, kwamba nyuso zikishakubaliwa kwenye mchoro, hakuna mjumbe atakayekuja baadaye kuomba mtu wake apunguziwe kicheko au aongezewe machozi. La pili, kwamba hakutakuwa na maandishi chini ya picha zaidi ya jina la picha na mwaka. Watabishana, na huenda wakabishana zaidi kuhusu maandishi kuliko kuhusu picha. Waache wabishane kwenye mchoro wa karatasi. Wasipoafikiana, usinunue kitambaa.